Kikohozi na Muda Unaopotea: Vipimo na Tiba Mpya za Kifua Kikuu kwa Wakazi wa Eastlands

Kifua kikuu, ugonjwa ambao wakazi wa Nairobi huuita TB bila kuongeza neno, umepata tangu mwaka 2010 vipimo, dawa na mbinu za ufuatiliaji ambazo kizazi kilichotangulia hakikuwa nazo, na sehemu kubwa ya mambo hayo mapya hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, kuanzia Makadara hadi Kayole. Hata hivyo, muda unaopita kati ya siku mgonjwa anapoanza kukohoa na siku anapomeza kidonge cha kwanza haujapungua kwa kiasi kinacholingana na kasi ya mitambo, kwa kuwa mtambo hauwezi kupima makohozi ambayo hayajaufikia. Katika mitaa ya Eastlands muda huo hupotea hasa mahali pawili: kwenye kaunta ya duka la dawa kabla ya kipimo, na katika mwezi wa pili au wa tatu wa tiba, mgonjwa anapojihisi amepona. Ushauri unaofuata umeelekezwa zaidi huko, na mitambo yenyewe inaelezwa kwa kadiri inavyomsaidia mgonjwa kujua la kudai.

Kifua kikuu husababishwa na bakteria aliyetangazwa na daktari Mjerumani Robert Koch tarehe 24 Machi 1882, na huenezwa kwa hewa: mwenye ugonjwa kwenye mapafu anapokohoa, kuimba au kuongea, hutoa chembechembe ndogo mno zinazoelea kwa saa kadhaa katika chumba kisichopitisha hewa. Vikombe, sahani, matandiko na salamu za mkono haviambukizi, na kwa hiyo desturi ya kumtengea mgonjwa kijiko chake na sahani yake humdhalilisha bila kumkinga yeyote. Wengi wanaovuta bakteria hao hawaugui, kwa kuwa kinga ya mwili huwazuia wakabaki wamelala, hali inayoitwa maambukizi yaliyofichika. Takriban mtu mmoja kati ya kumi walioambukizwa hatimaye huugua, na uwezekano huo huongezeka kwa mwenye virusi vya UKIMWI, mwenye kisukari, mvutaji wa sigara, mlevi wa kupindukia na asiyepata lishe ya kutosha.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 na 2016, uliopima watu wazima zaidi ya 63,000, ulikadiria kuwa kati ya kila watu wazima 100,000 walikuwapo 558 wenye ugonjwa huu, idadi iliyozidi sana makadirio ya awali, na ukaonyesha kuwa sehemu kubwa yao haikuwa imegunduliwa. Ugonjwa ulionekana zaidi mijini, na zaidi kwa wanaume, hasa wa umri wa miaka 25 hadi 34, yaani umri wa makanga, wa fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi, wa mpakiaji wa mitumba Gikomba. Mambo mawili katika matokeo hayo yanastahili kukaa akilini mwa msomaji. La kwanza ni kwamba wengi wa waliokutwa na ugonjwa hawakuwa na virusi vya UKIMWI, na hivyo dhana ya mtaani kwamba TB ni jina la heshima la ugonjwa mwingine haina msingi. La pili ni kwamba karibu nusu yao wasingepatikana kama wapimaji wangeuliza tu juu ya kikohozi cha wiki mbili, na takriban robo hawakuwa na hata moja ya dalili kuu. Ile kanuni ya wiki mbili, ambayo bado hunukuliwa na watu wazima waliofundishwa shuleni miaka ya nyuma, inafaa iwekwe kando kabisa: kikohozi cha muda wowote, homa isiyoeleweka, jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito au maumivu ya kifua ni sababu tosha ya kwenda kuchunguzwa.

Duka la dawa, au kemisti kama linavyoitwa mitaani, ndilo mlango wa kwanza wa matibabu kwa mkazi wa Umoja, Dandora au Huruma, na sababu zake ni za maana, wala si za kupuuzwa. Liko ngazi chache kutoka nyumbani, hufungwa usiku sana, halina foleni, na muuzaji hukubali kumpimia mteja dawa kulingana na pesa alizo nazo. Kliniki ya TB kwa upande wake hufanya kazi asubuhi za siku za wiki, saa zilezile ambazo kibarua wa viwandani husimama langoni akisubiri kuitwa, naye anajua vyema kwamba akikosa asubuhi moja, nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Basi hununua sirapu ya kikohozi, baada ya wiki hununua antibayotiki, kisha antibayotiki nyingine yenye nguvu zaidi, na miezi miwili hupita huku akiendelea kuambukiza wanaolala naye chumbani.

Hasara ya njia hiyo haiishii kwenye pesa. Baadhi ya antibayotiki zinazouzwa kwa wingi, hasa za kundi la siprofloksasini na levofloksasini, hupunguza makali ya bakteria wa kifua kikuu bila kuwaua wote, hivi kwamba mgonjwa hupata nafuu ya siku chache, vipimo vinavyofuata huweza kukosa kuona ugonjwa, na bakteria waliosalia hupata mwanya wa kujenga usugu dhidi ya dawa ambazo zingehitajika baadaye. Kanuni rahisi inayopendekezwa hapa ni kwamba mtu anaporudi kemisti mara ya pili kwa kikohozi kilekile asinunue kitu, bali achukue hatua hiyo ya kurudi kuwa ndiyo dalili yenyewe, na aelekee kituo cha afya. Muuzaji wa dawa mwadilifu atamwambia vivyo hivyo, na wapo wengi wanaofanya hivyo pasipo kulipwa chochote kwa ushauri wao. Anayemshawishi mteja ajaribu chupa ya tatu amejipambanua mwenyewe.

Kwa asiyeweza kupoteza asubuhi nzima, ipo njia ya kupunguza gharama hiyo. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa na simu mwezi Septemba 2023 na ambao kila mmoja ana kaya zake za kutembelea, wanaweza kumhoji mtu nyumbani jioni na kumwandikia barua ya rufaa, na katika vituo vingi mtu anaweza kuchukua kikopo cha makohozi siku moja, akatoa makohozi alfajiri nyumbani kwake, na jamaa yake akakipeleka.

Namna ya kutoa makohozi huamua ubora wa kipimo kuliko wengi wanavyodhani, na haielezwi vya kutosha kliniki zinapojaa. Saa bora ni alfajiri, kabla ya chai, kwa sababu usiku kucha makohozi hukusanyika mapafuni. Mgonjwa husukutua mdomo kwa maji matupu bila dawa ya meno, kisha hutoka mahali pa wazi penye upepo, mbali na watu. Katika ploti za ghorofa paa la kuanikia nguo ndilo hufaa, ilhali choo cha pamoja ndicho mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa hakina upepo na jirani atakayefuata ataivuta hewa iliyobaki. Huvuta pumzi ndefu, huishikilia kidogo, huitoa polepole, na baada ya kurudia mara mbili au tatu hukohoa kwa nguvu kutoka ndani ya kifua, si kukwaruza koo. Yanayotakiwa ni makohozi mazito yenye utelezi, meupe au ya manjano, kiasi kinachokaribia kijiko cha chai, na si mate mepesi yenye povu. Kikopo hufungwa barabara, huandikwa jina la mgonjwa ubavuni wala si kwenye kifuniko, ambacho huweza kubadilishwa na kingine, hukingwa na jua, na hupelekwa kituoni siku hiyohiyo.

Kwa zaidi ya miaka 100 maabara zilitegemea hadubini, ambapo fundi hupaka makohozi kwenye kioo, huyatia rangi na kuwatafuta bakteria kwa jicho lake. Njia hiyo ni ya bei nafuu, lakini huwakosa wagonjwa wengi wenye bakteria wachache, na haiwezi kusema kama bakteria hao ni sugu. Mwezi Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mtambo uitwao GeneXpert, ambao hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa: makohozi huchanganywa na kemikali, humiminwa katika katriji ya plastiki, na mtambo huzidisha vipande vya vinasaba vya bakteria, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli yake, mpaka viweze kutambulika. Katika muda wa saa mbili hivi hutoa majibu mawili kwa pamoja: kama bakteria wa kifua kikuu wapo, na kama wana badiliko linalowafanya wasiuawe na rifampisini, dawa iliyo nguzo ya tiba. Katriji mpya zaidi iliyoanza kupendekezwa mwaka 2017 hugundua hata bakteria wachache sana.

Kwa hiyo mtu anayeambiwa makohozi yake hayana kitu ana haki ya kuuliza yalipimwa kwa njia gani, na kama jibu ni hadubini pekee, aombe sampuli nyingine ipelekwe kwenye GeneXpert. Si kila zahanati ina mtambo huo, ila sampuli husafirishwa kutoka vituo vidogo hadi vikubwa, na mgonjwa halazimiki kuifuata. Isitoshe, kukosekana kwa katriji ni jambo linalotokea: Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, huduma za kifua kikuu katika nchi nyingi zilizoitegemea zilitikisika, Kenya ikiwemo, na bei ya katriji, ijapokuwa mtengenezaji aliipunguza mwaka 2023 kutoka karibu dola 10 hadi takriban dola 8 kwa nchi maskini baada ya kushinikizwa na wanaharakati, bado ni mzigo kwa hazina ya umma. Anayekuta katriji zimekwisha asikubali kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Hadubini na picha ya eksirei zinaweza kuanza kazi siku hiyo, na daktari anaruhusiwa kuanzisha tiba kwa kuongozwa na dalili na picha. Jambo moja zaidi linahitaji tahadhari: mtambo huo husoma vinasaba hata vya bakteria waliokufa, na kwa sababu hiyo haufai kupima maendeleo ya mtu aliye kwenye tiba, wala aliyemaliza tiba karibuni asishtuke ukimpa jibu la ndiyo kabla ya daktari kulitafsiri.

Picha ya eksirei imerudi kwenye heshima yake kwa sababu ya wale ambao hawana dalili. Mwezi Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinazotumia akili unde, yaani mashine iliyofunzwa kwa kuonyeshwa maelfu ya picha zilizokwisha kuthibitishwa, zinaweza kusoma picha za kifua za watu wa miaka 15 na zaidi badala ya mtaalamu wa kusoma picha, au pamoja naye. Kenya hutumia mashine ndogo za eksirei zinazobebeka katika kampeni za upimaji mitaani na magerezani, na programu hutoa alama inayoonyesha uwezekano wa ugonjwa ndani ya dakika chache. Alama hiyo si hukumu. Kazi yake ni kuchuja, ili katriji chache zilizopo zitumiwe kwa watu wenye uwezekano mkubwa, na kovu la ugonjwa wa zamani au vumbi la miaka mingi mapafuni huweza kuipandisha bila kuwapo kwa bakteria. Kampeni ya namna hiyo inapopiga hema uwanjani au kanisani, inafaa aliye na afya njema apange foleni pia, hasa kama ndani ya nyumba yake kumewahi kuwa na mgonjwa.

Watoto wana shida yao, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili hawezi kutoa makohozi, na huyameza. Jawabu limepatikana mahali ambapo wazazi hawapatarajii: kinyesi cha mtoto sasa hukubalika kwa kipimo cha GeneXpert, na mzazi anaweza kuuliza juu yake kabla ya mtoto kuingiziwa mpira puani. Mwezi Oktoba 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kusambaza kitaifa vidonge vya watoto vinavyoyeyuka majini na vyenye ladha ya matunda, vikichukua nafasi ya vidonge vya watu wazima vilivyokuwa vikivunjwavunjwa jikoni kwa kukisia. Utafiti uliofanywa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, umeonyesha tena kwamba mtoto mwenye ugonjwa usio mkali anaweza kutibiwa kwa miezi minne badala ya sita. Dalili kwa mtoto mara nyingi ni kutoongezeka uzito na kupoteza hamu ya kucheza, na kadi ya kliniki yenye mstari wa ukuaji uliolala humweleza daktari mengi kuliko kikohozi.

Tiba ya kawaida ya mtu mzima ni ya miezi sita. Urefu huo huwachosha wengi, lakini historia yake ina uhusiano wa karibu na eneo hili, kwa kuwa kabla ya miaka ya 1970 tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na utafiti ulioanza mwaka 1970 kwa ushirikiano wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na madaktari wa Afrika Mashariki, ukiwahusisha wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ndio ulioonyesha kuwa rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa, miezi sita ingetosha. Katika miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, idadi ya vidonge ikitegemea uzito wake, na katika minne inayofuata humeza mbili. Bakteria wengi hufa mapema, na hao ndio wanaoleta homa na kikohozi. Wachache huingia katika usingizi ambao dawa haziwafikii mpaka wanapoamka, na ni hao wachache wanaodai miezi minne ya ziada.

Madhara ya dawa yanapaswa kuelezwa kabla hayajatokea, kwa sababu anayeshtushwa nayo huacha tiba kimyakimya. Mkojo wa rangi ya chungwa au nyekundu ni rifampisini inayotoka mwilini, na hauna hatari. Ganzi na kuchomachoma nyayoni hutokana na isoniazidi, na huzuiwa kwa vitamini B6, ambayo mgonjwa aulize kama amepewa. Viungo kuuma hutokana na pirazinamidi. Macho kuwa manjano, kutapika mfululizo na mkojo mweusi ni ishara za ini kuathirika, na mgonjwa huacha dawa mara moja na kwenda hospitalini siku hiyo. Kuona ukungu au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani pia kunahitaji kwenda haraka. Pombe, iwe ya chupa au chang'aa, huongeza hatari kwa ini, na si siri kwamba wagonjwa wengi hudanganya kuhusu hilo kliniki, ingawa muuguzi anauliza ili kupanga uchunguzi wa damu, wala hakusudii kuhubiri. Mwanamke anayetumia vidonge au kipandikizi cha kupanga uzazi ajue kwamba rifampisini hupunguza nguvu za homoni hizo, na aombe njia nyingine kwa muda wa tiba. Anayetumia dawa za UKIMWI zenye dolutegravir huhitaji kipimo cha dawa hiyo kiongezwe.

Mwezi wa pili ndio wa hatari. Kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, nguvu za kubeba mzigo zipo, na kliniki inabaki kuwa kikwazo kati ya mtu na kibarua chake. Utafiti wa gharama uliofanywa nchini mwaka 2017 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida zilitumia au kupoteza zaidi ya moja ya tano ya mapato yao ya mwaka, ijapokuwa dawa zenyewe ni bure. Nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea ndizo zilizozila pesa hizo. Kumlaumu anayeacha dawa katika hali hiyo ni rahisi kuliko kumsaidia, na kwa muda mrefu dola yenyewe ilichagua njia rahisi, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwezi Machi 2016 kwamba kumfunga mgonjwa wa kifua kikuu gerezani kwa sababu ya kukatiza tiba ni kinyume cha Katiba. Aliyekatiza anaweza kurudi kliniki bila hofu ya pingu, na anapaswa kurudi, kwa kuwa muuguzi ataamua kulingana na muda uliopita kama ataendelea alipoachia au ataanza upya.

Lililo la kutia moyo ni kwamba teknolojia ndogo imefanya kazi kubwa hapa. Katika vituo 17 vya Nairobi na viunga vyake, huduma ya simu iitwayo Keheala ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la New England. Huduma hiyo haikuhitaji intaneti wala simu ya kisasa. Ilitumia msimbo wa nyota na reli uleule unaotumika kuangalia salio, na ilifanya kazi kwenye simu ya mulika mwizi. Kila siku mgonjwa alikumbushwa kumeza dawa na kutakiwa kuthibitisha kuwa amemeza, na aliyenyamaza baada ya kukumbushwa alipigiwa na mtu wa kumsaidia. Kati ya waliopata huduma hiyo, asilimia 4.2 walikuwa na matokeo mabaya, ikilinganishwa na asilimia 13.1 ya wasioipata. Familia inaweza kuiga kiini chake bila kusubiri mradi wowote: mtu mmoja anayeaminika achaguliwe tangu siku ya kwanza, kengele ya simu iwekwe saa moja maalumu, mgonjwa atume ujumbe mfupi kila anapomeza, na kukosekana kwa ujumbe kufuatwe na simu, si na ugomvi.

Wale ambao mtambo umewaonyesha kuwa na bakteria sugu kwa rifampisini wasikate tamaa kwa kusikia hadithi za zamani. Zamani tiba yao ilidumu hadi miaka miwili, na ndani yake mlikuwa na miezi ya sindano za kila siku ambazo ziliwafanya baadhi yao kuwa viziwi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza mseto wa vidonge vya bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa miezi sita bila sindano, na Kenya imeanza kuutumia. Linezolidi hupunguza damu na huathiri neva, kwa hiyo uchunguzi wa damu katika tiba hii haurukwi.

Kuhusu makazi, ushauri wa kufungua madirisha hutolewa kwa wepesi na watu wenye madirisha. Katika ghorofa za Pipeline, Huruma na sehemu za Umoja, vyumba vingi vinatazamana kupitia ujia mwembamba wenye giza, taa huwashwa adhuhuri, na dirisha likifunguliwa huleta hewa ya chumba cha jirani. Panapowezekana mlango na dirisha vifunguliwe kwa pamoja ili hewa ipite, mgonjwa alale karibu na dirisha, na mchana akae nje au paani, kwani mwanga wa jua huua bakteria hawa na upepo huwatawanya. Barakoa katika wiki za kwanza za tiba husaidia wanaolala chumba kimoja naye. Kwa kawaida uwezo wake wa kuambukiza hupungua haraka mara dawa sahihi zinapoanza, na hakuna haja ya kumhamishia mashambani, hatua ambayo mara nyingi ndiyo hukatiza tiba. Katika matatu za Jogoo Road na Outering, ule mzozo wa kila asubuhi ya Julai kati ya anayefungua dirisha na anayelifunga kwa sababu ya baridi una mshindi mmoja kisayansi, na si mwenye shali.

Waliokaa chumba kimoja na mgonjwa huchunguzwa wote, na wasiokuwa na ugonjwa hupewa dawa za kuzuia maambukizi yaliyofichika yasiamke, watoto wadogo na wenye virusi vya UKIMWI wakitangulizwa. Dawa hizo zamani zilimezwa kila siku kwa miezi sita. Sasa upo mseto wa isoniazidi na rifapentini unaomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na rifapentini pia hupunguza nguvu za njia za homoni za kupanga uzazi. Ni sharti ugonjwa wenyewe uondolewe shaka kwanza, kwa kuwa dawa za kuzuia haziwezi kutibu, na zikitolewa kwa mgonjwa hukuza usugu.

Chanjo ya BCG, iliyoanza kutumiwa mwaka 1921 na ambayo huacha kovu katika mkono wa kushoto wa Wakenya wengi, humkinga mtoto dhidi ya aina kali za ugonjwa, lakini kwa mtu mzima kinga yake ni haba. Chanjo nyingine, M72/AS01E, ilijaribiwa kwa watu wazima wa Kenya, Afrika Kusini na Zambia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa ilipunguza ugonjwa kwa karibu nusu katika miaka mitatu miongoni mwa waliokuwa na maambukizi yaliyofichika. Jaribio kubwa zaidi, la watu wapatao 20,000, lilianza Afrika Kusini mwezi Machi 2024, na Kenya ni miongoni mwa nchi zake. Anayeombwa kushiriki katika utafiti wa aina hiyo anapaswa kupewa maelezo kwa lugha anayoielewa, nakala ya fomu ya ridhaa ya kwenda nayo nyumbani, jina la kamati ya maadili iliyouidhinisha na namba ya kupiga akipata madhara. Anaruhusiwa kujitoa wakati wowote bila kupoteza huduma zake za kawaida, halipishwi chochote, na akiombwa pesa za kujiandikisha ajue kuwa hapo hakuna utafiti.